2010: CUF majimbo 24, Chadema 23. Kura zilikwenda wapi? (Uzi wa kuchambua viti vya ubunge)

#1 KataYaNane
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulichambue jambo hili kwa namba, ushabiki tuuache mlangoni.

Uchaguzi mkuu wa Tanzania wa 2010, kura za ubunge nchi nzima: CCM takriban asilimia 60, Chadema karibu 24, CUF kama 10 na nusu. Majimbo yalikuwa 239. CCM ikabeba 186, CUF 24, Chadema 23, NCCR-Mageuzi 4, TLP 1 na UDP 1. Yaani chama chenye kura zaidi ya mara mbili ya mwenzake kikapata jimbo moja pungufu!

Ukigawa kura za kila chama kwa majimbo yake, jimbo moja liliigharimu CCM kura kama 25,000. CUF kama 34,000. Chadema karibu 80,000.

Swali: ni nini hasa kinachokiongezea chama viti? Wingi wa kura, ramani ya majimbo, aina ya mgombea, muungano, au ulinzi wa kura vituoni? Mwenye hoja aweke mwaka na jina la jimbo.

#2 PwaniKwetu
Jibu fupi: Pemba. Viti vyote 24 vya CUF vilitoka Pemba. Uzi ufungwe.

#3 BintiWete
@PwaniKwetu hapana, usitufungie uzi kwa namba isiyo sahihi. 2010 Pemba ilikuwa na majimbo 18. CUF iliyachukua yote 18, Unguja ikapata manne, Mji Mkongwe likiwemo, halafu mawili ya Bara: Lindi Mjini na Kilwa Kusini. 18 na 4 na 2, ndiyo 24.

Ila ulikoelekea ndiko. Zanzibar ina majimbo 50 ya Bunge la Muungano. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, na Tanzania nzima 44,928,923. Gawanya: jimbo la Zanzibar kwa wastani watu 26,000. Bara, kwa majimbo 214 ya mwaka 2015, ni watu karibu 204,000 kwa jimbo. Tofauti inakaribia mara nane. Chama kinachoshinda kisiwani kinahitaji kura chache kupata mbunge mmoja, na chama kinachoshinda Ubungo, Dar es Salaam, kinahitaji umati. Mbunge wa huku na wa kule wote wana kura moja bungeni.

Na sisemi Zanzibar ipunguziwe viti. Idadi ile ina msingi wake katika Muungano wenyewe, na hilo ni jambo la haki ya nchi mbili zilizoungana. Naeleza tu viti vilikotoka.

#4 PwaniKwetu
Nimekubali, 18. Asante kwa masahihisho dada.

#5 HesabuMezani
BintiWete ameeleza nusu. Nusu nyingine ni mtawanyiko wa kura, na mfano wake mzuri kuliko wote ni 1995.

Majimbo 232. CCM kura asilimia 59, majimbo 186. NCCR-Mageuzi ile ya Mrema, kura karibu asilimia 22, majimbo 16. CUF kura asilimia 5, majimbo 24. Chadema 3, UDP 3. NCCR ilikuwa na kura zaidi ya mara nne ya CUF ikaambulia viti pungufu kwa vinane.

Kwa nini? Kwetu mshindi wa jimbo ni mwenye kura nyingi kuliko wenzake, basi. Hahitaji kufika nusu. Kura ya aliyeshindwa haihamii jimbo la jirani. NCCR ilikuwa na asilimia 20 huku, 25 kule, 30 pale, nchi nzima. Ukiwa wa pili katika majimbo 150 una kura za kujaza viwanja na bungeni una viti vya kujaza basi dogo. CUF kura zake zilirundikana mahali pamoja.

Kwa hiyo swali la kwanza mtu wa mikakati analouliza ni "tuko wa kwanza wapi?" Asilimia ya taifa inakuja baadaye.

#6 Mlinda_Kisanduku
Hayo ya mtawanyiko nakubali, lakini mnasahau kurundikana nako kuna madhara. Ukishinda jimbo kwa asilimia 85, zile 35 za juu hazikukuongezea kitu. Chadema ikijaza Moshi Mjini na Arusha Mjini mpaka zifurike, bado ni wabunge wawili. Kinacholeta viti ni kuwa juu kidogo ya mpinzani mahali pengi, na hicho ndicho CCM inacho: mashina ya nyumba kumi, matawi, kata, mpaka kijiji ambacho gari la matangazo halifiki. Inashinda kwa asilimia 50 na kitu majimbo mia na zaidi bila kupoteza kura nyingi bure.

#7 Mzalendo_wa_Rufiji
Mimi naona mnazunguka. 2010 upinzani uliongezeka kwa sababu wapiga kura wa CCM walikaa nyumbani.

2005 Kikwete wa CCM alipata kura za urais milioni 9.1, asilimia 80. 2010 akapata milioni 5.3. Karibu milioni nne zimeyeyuka. Slaa wa Chadema alipata milioni 2.27. Mbowe, mgombea wa Chadema 2005, alikuwa na laki sita na ushee, Lipumba wa CUF 2005 milioni 1.3, akashuka hadi laki saba 2010. Ukijumlisha, upinzani uliongezeka kama milioni moja tu. Waliobaki hawakwenda popote. Waliojitokeza walikuwa asilimia 42.8 ya walioandikishwa, wakati 2005 walikuwa kama 72.

Jimbo la mjini ambalo CCM ilishinda 2005 kwa kura 60,000 kwa 25,000, theluthi mbili ya watu wake wakibaki nyumbani wanabaki 20,000. Yule wa 25,000 ameshinda bila kuongeza hata kura moja.

#8 HesabuMezani
@Mzalendo_wa_Rufiji hoja nzito, ila pima hili: Chadema ya ubunge ilikuwa na asilimia 8 mwaka 2005 na majimbo 5. 2010 ikawa karibu asilimia 24 na majimbo 23. Asilimia inaweza kupanda kwa sababu wengine wamekaa nyumbani, sawa. Lakini kura zenyewe za Chadema zilipanda pia, Slaa kapata zaidi ya mara tatu ya Mbowe. Mahudhurio yanaeleza CCM ilivyoshuka. Hayaelezi kwa nini zilizoongezeka zilikwenda Chadema na si CUF.

#9 Mzalendo_wa_Rufiji
Sawa. Nabaki na hoja yangu kwa miji, nakuachia vijijini.

#10 Fomu24B
Wadau, kabla hatujafika mbali, tutenganishe viti vya majimbo na viti maalum. Watu wengi wanavichanganya halafu wanagombana bure.

Viti maalum vya wanawake havipigiwi kura. Katiba ibara ya 78: chama kinapaswa kupata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge ndipo kiingie kwenye mgao. Kila chama kinakuwa kimepeleka tume ya uchaguzi orodha ya wanawake, imepangwa kwa mfuatano. Tume inatazama kura za ubunge za chama nchi nzima, inapata uwiano, inatangaza majina kuanzia juu ya orodha kushuka.

Zamani, mpaka 2000, mgao ulifuata idadi ya majimbo. Kuanzia 2005 ukafuata kura. Tazameni tofauti: 2005 CCM ilikuwa na majimbo 206 kati ya 232. Kwa utaratibu wa zamani ingechukua kama viti 66 kati ya 75. Ikapata 58. CUF, majimbo 19, ikapata 11. Chadema yenye majimbo 5 ikapata viti maalum 6, vingi kuliko majimbo yake.

Sasa rudini kwa swali la mwenye uzi. 2010 viti maalum vilikuwa 102: CCM 67, Chadema 25, CUF 10. Ukijumlisha na majimbo, Chadema 48, CUF 34. Ndiyo maana kiti cha Kiongozi wa Kambi ya Upinzani kilikwenda Chadema. Zile kura zilizoonekana kupotea Sumbawanga na Singida zililipwa Dodoma.

#11 KataYaNane
@Fomu24B hapo nimefunguka macho. Basi kura ya jimbo unalojua utashindwa bado ina kazi?

#12 Fomu24B
Ina kazi kubwa. Na hapa ndipo miungano inapokwama. Nichukue 2015.

UKAWA: Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walikubaliana jimbo moja mgombea mmoja. Majimbo yalikuwa 264, lakini manane uchaguzi wake uliahirishwa, kwa hiyo matokeo ya kwanza ni ya 256: CCM 188, Chadema 34, CUF 32, NCCR 1, ACT-Wazalendo (ACT) 1. Viti maalum vilikuwa 113, tume ikagawa 110 kwanza, vitatu vikangoja yale manane.

Fanya hesabu mwenyewe kwa namba za makadirio. CCM 55, Chadema 30 na nusu, CUF 8 na robo. ACT na NCCR hawakufika 5, wametoka. Jumla ya waliobaki ni 93.75. Sasa:
CCM: 55 gawanya kwa 93.75, zidisha 110, ni kama 64 na nusu.
Chadema: kama 35.8.
CUF: kama 9.7.
Tume ilitangaza 64, 36 na 10.

Tazameni CUF. Majimbo 32, karibu sawa na Chadema, lakini viti maalum 10 kwa 36. Kila jimbo ililoiachia Chadema, kura zake za ubunge pale zilikuwa sifuri, na sifuri hiyo inaingia kwenye mgao wa viti maalum. NCCR ndiyo iliumia zaidi: iliachia karibu kila mahali, ikapata Vunjo, ikaanguka chini ya asilimia 5, viti maalum hakuna. Chama kidogo kikisaini mkataba wa kuachiana majimbo bila kuandika humo fidia ya viti maalum, kimejitia kitanzi.

#13 BintiWete
Naongeza kwa hapo: ruzuku ya serikali kwa vyama nayo inafuata kura na viti. Kwa hiyo chama kilichoachia majimbo kinalipa mara mbili, bungeni na benki.

#14 MtegoWaKura
@Fomu24B umeeleza gharama, sasa eleza na faida usiwatishe watu. CUF ya 2010 ilikuwa na majimbo mawili Bara. 2015 ikapata Tanga Mjini, Mtwara Mjini, Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini, Mchinga, Liwale, Tandahimba, Kaliua, Temeke, Kinondoni. Kumi! Bila Chadema kukaa pembeni, Temeke na Kinondoni zingekwenda wapi?

Chukua jimbo la mfano lenye kura 100,000. CCM 42,000, Chadema 35,000, CUF 20,000, wengine 3,000. CCM ameshinda huku watu 58,000 wakiwa hawakumtaka. Ondoa mgombea wa CUF, na hata theluthi mbili tu ya watu wake wakihamia, Chadema ana 48,000 na ushee. Ameshinda. Muungano haukuongeza mpiga kura hata mmoja.

Na pale walipogoma kuachiana mliona. Segerea 2015 Chadema aliweka mgombea, CUF aliweka mgombea, CCM ikapita katikati yao.

#15 Mlinda_Kisanduku
Mfano wako mzuri ila "theluthi mbili watahamia" ni dhana. Wapo wanaobaki nyumbani, wapo wanaokwenda CCM kabisa kwa hasira ya chama chao kunyimwa jimbo. Makubaliano ya viongozi Dar es Salaam hayafiki kwenye kata yenyewe. Kama diwani wa CUF na diwani wa Chadema wanagombana kwenye kata hiyo hiyo, mbunge wa muungano anaumia. Kuachiana kunatakiwa kushuke mpaka udiwani, na hapo ndipo walipochelewa.

#16 Nyangumi_wa_Mara
Hakuna aliyegusa wagombea wenyewe. Kwetu hakuna mgombea binafsi. Ibara ya 67 inataka uwe mwanachama na udhaminiwe na chama. Kwa hiyo mtu mwenye watu wake akikatwa kwenye kura za maoni za ndani ya chama, njia ni moja: kuhama. Na akihama anahama na mtandao.

Shibuda alitoka CCM 2010 akaichukulia Chadema Maswa Magharibi. Esther Bulaya alitoka CCM 2015, akasimama Bunda Mjini kwa Chadema na kumwangusha Wasira wa CCM. Hivyo ni viti ambavyo sera za chama hazikuvileta. Vililetwa na mtu.

Angalizo: haifanyi kazi kila mahali. Lembeli alihama mwaka huo huo akasimama Kahama Mjini, akashindwa. Ukihama na wewe mwenyewe bila viongozi wa kata na vijiji, umehamisha jina tu.

#17 PwaniKwetu
Na Lowassa, mgombea urais wa Chadema 2015, je? Si ndiye aliyewaletea Chadema majimbo yote yale ya 2015?

#18 Nyangumi_wa_Mara
@PwaniKwetu si yote. Tazama ramani. Kaskazini ndiyo, alivuta: Monduli, Longido, Arumeru Magharibi, Siha, Moshi Vijijini. Lakini Kanda ya Ziwa, nyumbani kwa Magufuli, mgombea urais wa CCM, ilikwenda upande wa pili. Nyamagana, Ilemela na Musoma Mjini, zote Chadema 2010, zote zikarudi CCM 2015. Maswa zote mbili nazo zikarudi.

Kwa hiyo mgombea urais anavuta wabunge kwao na kusukuma kwingine. Chadema iliongeza kama pointi 7 za kura kati ya 2010 na 2015 na majimbo 11 tu, kwa sababu ilikuwa inajaza mtungi huku unavuja upande wa Mwanza.

#19 HesabuMezani
Na kwa sababu ya UKAWA pia. Haikusimama kila mahali, kwa hiyo hata hiyo asilimia 30 ilipatikana kwenye majimbo machache zaidi. Huwezi kulinganisha 24 na 30 moja kwa moja.

#20 Nyangumi_wa_Mara
Kweli, hilo sikuliweka.

#21 Mto_Athi
Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko upande wa Kenya, nimefuata uzi huu tangu jana. Kwetu mambo ni tofauti kidogo.

Majimbo ni 290, na Katiba ibara ya 89 inataka idadi ya watu ikaribie wastani. Sensa ya 2009 iligawanywa ikatoka 133,138 kwa jimbo. Miji na maeneo yenye watu wachache yanaruhusiwa kupishana na wastani kwa asilimia 40, kwingine 30. Tofauti ya mara nane kama mliyotaja haingekubalika, ingawa hata sisi kuna majimbo madogo yaliyolindwa yasifutwe.

Pili, wale 12 wa kuteuliwa katika Bunge la Taifa hugawanywa kwa idadi ya viti ambavyo chama kimeshinda. Kura za jumla hazihesabiwi. Kwa hivyo aliyeshinda huongezewa.

Tatu, 2022 urais ulikaribiana sana, 50.49 kwa 48.85, lakini UDA, chama cha Ruto aliyeshinda, ilipata wabunge wengi mno kuliko ODM ya Raila. Azimio, muungano wa Raila, kura zake ziligawanyika kwa ODM, Wiper, Jubilee, KANU na wengine, na mahali pengi walisimamishiana wagombea. Mwenzenu wa Segerea yuko hata huku.

#22 MtegoWaKura
Karibu sana jirani. Hiyo ya kuteua kwa viti ndiyo sisi tuliiacha 2005.

#23 Ughaibuni_Leeds
Nikiongeza kidogo kutoka Uingereza, ambako mfumo huu wa jimbo moja mshindi mmoja umetoka. Julai 2024 Labour walipata karibu asilimia 34 ya kura na viti 411 kati ya 650. Reform walipata asilimia 14 na viti 5. Liberal Democrats asilimia 12 na viti 72. Ile ya NCCR na CUF 1995 imejirudia kwa namba kubwa: mmoja katawanyika, mwingine kachagua majimbo ya kupigania na kuacha mengine.

#24 Mwanasheria_Kijani
Wakuu naona wote mnaongelea kura zilizopigwa. Viti vingine hupatikana kabla ya siku ya kura.

Fomu ya kugombea ubunge ni namba 8B. Inatakiwa kuwa na wadhamini wasiopungua 25, wote wapiga kura walioandikishwa ndani ya jimbo hilo. Tamko mbele ya hakimu. Dhamana shilingi 50,000. Kurejeshwa kwa msimamizi wa uchaguzi kabla ya saa 10 jioni siku ya uteuzi. Baada ya hapo mapingamizi.

Mahali fomu zinapokwama ni pale pale kila mwaka: mdhamini aliyeandikishwa kata ya jirani iliyo nje ya jimbo, namba ya kadi iliyokosewa tarakimu, jina la fomu lisilolingana na la kadi, muhuri wa chama uliosahaulika, picha pungufu. Mgombea wa chama kikubwa anakuja na fomu imepitiwa na wakili. Wa chama kidogo anakuja saa 9 na nusu, akipumua, na hana nakala ya pili.

2020 CCM ilipita bila kupingwa majimbo zaidi ya 20. Upinzani ulilalamika kuwa wasimamizi walikataa kupokea fomu, wengine walienguliwa kwa kasoro ndogo, baadhi wakarudishwa na tume kwa rufaa. Mwisho wa siku CCM 256 kati ya 264, ACT 4, CUF 3, Chadema 1, ambayo ni Nkasi Kaskazini. Chadema na ACT waliyakataa matokeo.

#25 Fomu24B
Na hapo kanuni ya viti maalum ikatoa jambo la ajabu: Chadema jimbo 1, viti maalum 19. CCM 94. ACT na CUF wenye majimbo 7 kwa pamoja, hakuna, kwa kuwa hakuna aliyefika asilimia 5. Kilichofuata na wale 19 kinajulikana: chama kiliwafukuza uanachama Novemba 2020 na wao wakabaki bungeni.

#26 Mzalendo_wa_Rufiji
Kwa 2020 sikubali iwekwe kwenye kapu moja na 1995. Huwezi kuchambua mtawanyiko wa kura pale ambapo mgombea hakuwemo kwenye karatasi.

#27 BintiWete
Hapo tuko pamoja. Na Pemba tumeyaona mapema: uchaguzi mdogo wa Mei 2003, wagombea kadhaa wa CUF walienguliwa, watu wakaenda kituoni wakaharibu karatasi kwa makusudi. Kura za maruhani, ndivyo zilivyoitwa. Kiti kilipata mwenyewe, na kura zilizoharibika ndizo zilizosema watu walitaka nani.

#28 Mlinda_Kisanduku
Naomba nirudi kituoni, maana watu wanadhani kushinda kura na kupata kiti ni kitu kimoja.

Kura za ubunge zinahesabiwa kituoni baada ya kufungwa saa 10 jioni. Matokeo yanaandikwa Fomu 21B. 21A ni ya urais, 21C ya udiwani. Mawakala wanasaini, kila mmoja anapewa nakala, nakala nyingine inabandikwa ukutani kituoni. Fomu zote zinakwenda kwa msimamizi wa jimbo, anajumlisha, anajaza 24B, anatangaza. Hakuna hatua nyingine.

Chama kinachotaka jimbo lenye vituo 400 kinahitaji mawakala 400 walioapishwa mapema kwa msimamizi, wenye barua za utambulisho zenye jina la kituo sahihi. Makosa ninayoyajua kwenye hatua hii: barua imeandikwa kituo namba 3 na mtu amepangwa namba 5, anazuiwa mlangoni asubuhi saa 12 na nusu. Wakala hajapelekewa chakula, saa 9 alasiri anaondoka, kura zinahesabiwa hayupo. Wakala anasaini 21B kabla namba hazijaandikwa kwa maneno. Anapewa nakala ya kaboni iliyofifia, 1 na 7 hazitofautiani. Usiku anaikunja mfukoni, jasho na mvua, asubuhi haisomeki.

Chama kikiwa na 21B za vituo 310 kati ya 400, hakiwezi kubishana na 24B. Tofauti yote itasemwa iko kwenye zile 90. Na ukitaka kwenda mahakamani una siku 30 na dhamana ya gharama, na bila fomu hizo wakili hana cha kushika.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini CCM inashinda majimbo yenye ushindani mkali, mimi nasema anza kuhesabu mawakala.

#29 HesabuMezani
@Mlinda_Kisanduku nakubali kwa majimbo ya tofauti ndogo, chini ya kura 2,000 tuseme. Lakini NCCR ya 1995 haikukosa majimbo 150 kwa ajili ya kaboni iliyofifia.

#30 Mlinda_Kisanduku
Sikusema 150. Nimesema yenye ushindani. Hizo ndizo zinazoamua kama chama kina viti 34 au 50.

#31 MtegoWaKura
Mmeacha njia nyingine ya kuongeza viti: kati ya uchaguzi na uchaguzi. Mbunge akihama chama anapoteza ubunge, ibara ya 71. Desemba 2017 mbunge wa CUF Kinondoni na wa Chadema Siha walihamia CCM. Uchaguzi mdogo Februari 2018, wale wale wakasimama kwa CCM, wakashinda. Temeke nayo mbunge wake alihama 2018. Longido mahakama ilitengua ushindi wa Chadema 2016, uchaguzi mdogo wa Januari 2018 Chadema hawakushiriki, CCM ikachukua.

Uchaguzi mdogo una mahudhurio madogo, na mahudhurio madogo yanampendelea mwenye mabalozi wa nyumba kumi. Hapo @Mzalendo_wa_Rufiji hoja yako inageuka kinyume: watu wakikaa nyumbani, mwenye mtandao anafaidika.

#32 Mzalendo_wa_Rufiji
Inategemea nani amekaa nyumbani. 2010 waliokaa walikuwa wa CCM, mjini. 2018 walikuwa wa upinzani. Mahudhurio bila kujua ni ya nani hayasemi kitu.

#33 PwaniKwetu
Na kugawa majimbo? Si inasemwa CCM inagawa ili ipate zaidi?

#34 KataYaNane
@PwaniKwetu inasemwa, lakini haiendi upande mmoja tu. Ubungo iligawanywa kabla ya 2015 likazaliwa Kibamba, Chadema ikachukua yote mawili. Bunda iligawanywa, Bunda Mjini ikaenda Chadema. Temeke iligawanywa, Temeke ikaenda CUF, Mbagala CCM. Faida ya CCM iko kwenye majimbo mapya ya vijijini, maana ndiko mengi yaliko. Kwa 2025 yameongezwa manane, yakawa 272: Bara 222, Zanzibar 50 zile zile. Anayetaka kujua yamempa nani faida aanze na matokeo ya kata za jimbo la zamani, achore mpaka mpya juu yake, ajumlishe upya kata kwa kata. Nina karatasi za Ubungo ya 2010 nazipanga, nitaziweka hapa kesho jioni.

#35 Fomu24B
Weka na za udiwani. Za ubunge peke yake zitakudanganya kwenye kata mbili za mpakani.